Shujaa au Balaa? Filamu za Spider-Man na Jina Lake Mjini

Pita asubuhi kwenye meza ya muuza magazeti, iwe Posta au Mwenge, utawakuta watu wamesimama mikono nyuma wanasoma vichwa vya habari bila kutoa hata mia. Muda si mrefu kichwa hicho kimeshapanda daladala, saa nne kimekaa kijiweni, na jina la mtu limeshang'aa au limeshaporomoka kabla yeyote hajafika aya ya pili. Anayeujua mchezo huo ameshaielewa nusu ya Spider-Man. Tangu toleo la kwanza la jarida lake lenyewe, lenye tarehe ya Machi 1963, anayemwandama zaidi ya maadui wote ni mhariri wa gazeti, J. Jonah Jameson wa Daily Bugle.

Hapa filamu zake kumi zinapimwa kwa kipimo kimoja: jina la shujaa linatengenezwa na nani, linamlipa nani, na likichafuka linasafishwaje. Ngumi na kuruka maghorofa vina wasifiaji wengi, tuwaachie. Kwa kipimo hiki filamu hazilingani hata kidogo, na iliyoingiza hela nyingi siyo iliyofanya kazi nzuri zaidi.

Anza na Spider-Man ya 2002, ya mwongozaji Sam Raimi, Tobey Maguire akiwa Peter Parker, kijana ambaye kwa siri ndiye Spider-Man. Filamu hii inajua kwamba gazeti ni biashara. Mhariri msaidizi Robbie Robertson anamletea Jameson habari kuwa toleo lenye Spider-Man limechapwa mara nne na nakala zote zimekwisha. Jameson, ambaye dakika moja kabla alikuwa hataki kusikia, papo hapo anaagiza Spider-Man awe ukurasa wa mbele kesho, na picha iwe nzuri. Chuki alikuwa nayo tangu mwanzo, ila haikumzuia. Kwanza ameona mauzo, halafu akaamua kwamba kama huyu bwana hataki umaarufu, atapewa umaarufu mbaya. Ndipo Peter analeta picha alizojipiga mwenyewe. Jameson anazitukana moja baada ya nyingine, anataka kutoa dola 200 kwa zote, Peter anageuka kuondoka, bei inapanda hadi 300. Kesho yake picha ile ile iko mitaani chini ya swali: shujaa au balaa? Kijana amelipwa dola 300 kuchafuliwa jina kwa picha yake mwenyewe. Filamu haikuchezei wala kukuhubiria. Inakuonyesha hundi na kichwa cha habari, basi.

Kuna kipande kifupi ambacho wengi hukipita. Peter analalamika kuwa gazeti limemkashifu Spider-Man. Jameson anamsahihisha kwa hasira kwamba kashfa anayoitaja ni ya kutamka, na ikishaandikwa inaitwa jina lingine. Kiingereza kina maneno mawili ya kisheria hapo. Sisi neno letu kashfa linabeba yote mawili, kwa hiyo kwenye nakala nyingi zilizotafsiriwa sentensi hiyo inapotea kabisa na Jameson anabaki anafoka tu. Mtafsiri angeweza kuiokoa kwa urahisi: "Kashfa ya mdomo! Hii yangu nimeiandika!" Inafaa kuokolewa, kwa sababu inaonyesha mhariri anayeijua sheria vizuri na anatembea kwenye mstari wake akiwa macho.

Halafu, na hapa Raimi anaonyesha ukomavu, adui wa filamu, Green Goblin, anavunja dirisha la ofisi, anamkaba Jameson koo na kumuuliza ni nani anayepiga picha za Spider-Man. Mpiga picha alikuwa amesimama mbele ya meza ile ile muda mfupi uliopita. Jameson, huku pumzi inamkatika, anasema hamjui, picha huja kwa posta. J.K. Simmons anaisema bila kupepesa. Mchafuzi wa majina ana mwiko wake: chanzo cha habari hakitajwi. Ndiyo maana Jameson huyu hasahauliki wakati wa filamu nyingine wanasahaulika. Ana ubaya unaoeleweka na uti wa mgongo unaoeleweka.

Upande wa pili wa mizani ni wananchi. Mapema Raimi anawaweka watu wa mtaani mbele ya kamera, kila mmoja na lake: huyu anamsifu, yule hampendi tu, mwanamuziki wa njiani ameshamtungia wimbo. Mwishoni, Goblin anaponing'iniza kibehewa chenye watoto juu ya daraja la Queensboro, watu wa aina hiyo hiyo wanamrushia vitu kutoka juu. Magazeti yetu yangewaita wananchi wenye hasira kali, ila safari hii hasira imeelekezwa panapostahili. Gazeti halikuwageuza. Wameamua kwa macho yao.

Spider-Man 2 ya 2004 ndiyo bora ya zote kwa jambo hili, na inaelekea itabaki hapo kwa muda mrefu. Kwanza kwa sababu imeweka bei kwenye sifa. Peter anamwambia Jameson kwamba ameugeuza mji mzima dhidi ya Spider-Man, Jameson anajibu kuwa anajivunia hilo. Peter anachukua malipo ya picha, Betty Brant, katibu wa Jameson, anamwambia hela hiyo haitoshi hata kufuta mkopo alioutanguliza wiki mbili zilizopita. Jina lake linaliuzia gazeti, naye anadaiwa na gazeti. Kisha anachoka, anatupa vazi kwenye pipa la taka kichochoroni. Mzoa taka analipeleka Bugle. Jameson anatoa 50, mzoa taka anasema mnadani kwenye intaneti atapata zaidi, wanafunga kwa 100 na Jameson anaagiza aongezewe kipande cha sabuni. Vazi linatundikwa ukutani kama kichwa cha mnyama aliyewindwa.

Uhalifu unapanda, mji unaumia, na Jameson, peke yake na watu wake wa karibu, anakiri polepole kwamba yule alikuwa shujaa na yeye ndiye aliyemfukuza. Anageuka: vazi limeondoka, pamebaki kikaratasi. Sentensi ya toba inageuka katikati na kuwa tusi: mwizi huyo! Watu hucheka hapo, na ni haki yao, lakini tazama mfuatano wake. Kukiri kwake hakukuchapwa. Mji haukusikia. Kilichobaki kwenye karatasi ni matusi peke yake, na hivyo ndivyo jina linavyochafuka: lawama inaandikwa, radhi inasemwa chumbani.

Sasa treni. Adui wa filamu hii, Doctor Octopus, ameiharibu breki, Spider-Man amesimama mbele ya behewa, utando mikono yote miwili, kinyago kimeshatoka. Anaisimamisha treni mwishoni mwa reli na kuzimia, anaanza kuangukia mbele. Mikono inatoka dirishani na kumshika kifuani. Wanamwingiza ndani na kumpitisha juu ya vichwa, mkono kwa mkono, kama nauli inavyopitishwa kutoka siti ya nyuma hadi kwa konda. Wanamlaza sakafuni. Mmoja anamtazama usoni na kusema ni kijana tu, hamzidi mwanawe. Kimya. Watoto wawili wanaleta kinyago na kuahidi kwamba hawatasema. Octopus anaporudi kumchukua, abiria wanasimama mmoja mmoja katikati na kumwambia atapita kwanza kwao. Haina mwandishi, haina kamera, haina simu ya kurekodi. Watu wasiopungua behewa zima wanajua sura yake, na siri haitoki. Treni yenyewe ilipigwa picha Chicago, si New York, lakini hakuna anayejali akishafika hapo.

Kwa Spider-Man 3 ya 2007 tusikae sana. Wazo lake ni zuri: mji sasa unampenda, kuna gwaride, anakabidhiwa ufunguo wa jiji, naye sifa zinampanda kichwani. Mpiga picha mwenzake Eddie Brock anatengeneza picha ya uongo inayomwonyesha Spider-Man akiiba, kwa kuchukua picha ya zamani ya Peter na kuibadilisha, Bugle inaichapa, halafu Jameson analazimika kuomba radhi gazetini, jambo ambalo mwenyewe anasema hajalifanya kwa miaka 20. Hapo palikuwa na filamu nzima. Imebanwa na maadui watatu na mapenzi ya pande nne, na madhara ya radhi hiyo kwa msomaji wa kawaida hatuyaoni kabisa.

The Amazing Spider-Man ya 2012, ya mwongozaji Marc Webb, Andrew Garfield akiwa Peter, ilifanya uamuzi wa kuondoa gazeti na kuweka polisi. Si uamuzi mbaya. Kapteni George Stacy anatoa hati ya kumkamata mtu anayejichukulia sheria mkononi, na kwenye meza ya chakula anamweleza Peter jambo ambalo filamu nyingine haziligusi: yule mwizi wa magari aliyekamatwa na Spider-Man alikuwa amefumbiwa macho na polisi kwa makusudi, awaongoze hadi kwa wakubwa wa mtandao. Shujaa ameharibu upelelezi. Tena Stacy amegundua kwamba wote wanaokamatwa wanafanana sura, yaani huyu jamaa anatafuta mtu wake binafsi. Anayeijua habari ya sungusungu na malalamiko yake anaupata uzito wa hoja hii mara moja: nani anamsimamia anayetulinda? Kasoro ni kwamba hoja hiyo haijibiwi. Mafundi wa kreni wanapanga vyuma vyao barabarani ili Spider-Man aliyejeruhiwa apate njia, kwa sababu mmoja wao mtoto wake aliokolewa darajani. Ni picha nzuri sana, na inaeleweka ilikotoka, lakini ni fadhila ya mtu mmoja. Mji wenyewe hatujausikia unaongea.

Ya pili yake, ya 2014, ina dakika chache za dhahabu pale Times Square. Max Dillon, mtu asiyeonekana na yeyote maisha yake yote, na sasa ana nguvu za umeme, anaona sura yake kwenye skrini zote kubwa za mtaa. Halafu Spider-Man anafika, na skrini moja baada ya nyingine zinabadilika na kumwonyesha yeye. Umati unahama naye. Kelele za kumzomea Max zinamfanya adui ambaye umeme peke yake usingemfanya. Kiu ya kuonekana haijapata kuonyeshwa kwa uwazi hivyo kwenye filamu hizi. Zaidi ya hapo, Jameson ni barua pepe tu, hana sura wala sauti, na pengo lake linaonekana.

Tom Holland, mwigizaji wa tatu wa Peter, anakuja na mtaa. Homecoming ya 2017, ya Jon Watts, inampa sifa ya ukubwa wa Queens: mtu wa kwenye video za YouTube, anaombwa apige samasoti, anarudisha baiskeli kwa kikaratasi kwa sababu mwenyewe hajulikani, anamwelekeza bibi njia na kununuliwa kitafunwa cha churro. Anamfunga mtu utando akidhani ni mwizi wa gari, kumbe gari ni lake, kengele inalia na majirani wanatoka madirishani kumfokea. Hii ni sifa ya kiwango cha mtaa, na inaandikwa vizuri: kosa dogo linamfikia usoni, saa hiyo hiyo, kutoka kwa watu wanaomwona kila siku. Ila hakuna anayefaidika na jina lake wala anayelipika kwa kulichafua, kwa hiyo halina hatari.

Hatari inaingia na Far From Home ya 2019. Adui wake, Mysterio, ni mtu wa kiki kutoka mwanzo hadi mwisho: anatengeneza majanga kwa droni na picha za uongo, anajifanya ameyazima, anakusanya sifa. Akishashindwa London anaacha video iliyokatwa na kuungwa upya hadi Spider-Man anasikika kama ndiye aliyeamuru mauaji. Inarushwa na TheDailyBugle.net, na anayeirusha ni J.K. Simmons yule yule, safari hii bila chumba cha habari, bila Robertson wa kumvuta koti. Kumrudisha mwigizaji yule yule ni uamuzi wenye akili. Unaona kitu gani kimetoka: zile chapa nne, yule mhariri msaidizi, ule mwiko wa chanzo. Kimebaki kinywa.

No Way Home ya 2021 inaanzia sekunde hiyo hiyo, na sehemu yake ya mwanzo ni kazi nzuri kuliko chochote Watts alichofanya. Wakili Matt Murdock anamwambia Peter mashtaka hayatasimama, na wakati huo huo anamwonya kwamba macho ya watu ni mahakama nyingine. Tofali linapita dirishani kabla wakili hajamaliza. Walimu shuleni wanagawanyika, mmoja anamwabudu, mwingine anaamini Mysterio alikuwa mkweli. Flash Thompson ameshaandika kitabu kuhusu urafiki ambao haukuwepo. Vazi linamwagiwa rangi ya kijani na Peter analivaa ndani nje, nyaya zikionekana. Kubwa kuliko yote ni barua za chuo kikuu cha MIT: Peter anakataliwa, na marafiki zake wawili wanakataliwa pamoja naye, kwa sababu ya utata ulioandama jina lake. Aliyewahi kuona familia nzima inavyolipia umaarufu mbaya wa mmoja wao ataielewa vizuri barua ile. Jina chafu halikai kwa mwenyewe, linahamia kwa aliyekaa naye siti moja.

Halafu filamu inakimbia. Badala ya kusafisha jina, Peter anakwenda kwa mchawi Doctor Strange kuomba dunia isahau, na mwishoni inasahau kweli. Wengi hulia hapo, na kilio chao ni cha haki. Lakini kwa kipimo chetu ni njia ya mkato: swali la nani alirusha video ya uongo, na je, atawajibika, linafutwa na uchawi pamoja na kumbukumbu za watu. Hakuna anayekuja kumwambia yule aliyerusha tofali kwamba alidanganywa. Raimi alikuwa na Jameson aliyekiri chumbani, ikauma. Hapa hata hicho chumba hakipo.

Zilizobaki ni katuni mbili, na anayezidharau kwa kuwa ni katuni atakosa mengi. Into the Spider-Verse ya 2018 inahamisha sifa kutoka mtaani hadi mezani nyumbani. Baba yake Miles Morales, kijana anayekuja kuwa Spider-Man mpya, ni polisi na hampendi Spider-Man, kwa hoja ileile ya Kapteni Stacy: hawajibiki kwa mtu. Miles anaisikia hoja hiyo ndani ya gari la baba yake, hawezi kujibu. Spider-Man wa zamani anapokufa, mji unavaa vinyago kumwomboleza, na Miles ananunua vazi lake dukani kwa mzee aliyetiwa sauti na Stan Lee. Mzee anamhakikishia kwamba litamkaa tu, siku moja. Bango nyuma yake linasema bidhaa ikishauzwa hairudishwi. Mwishoni Miles, akiwa na kinyago, anamkumbatia baba yake, naye baba anakubali kwa shingo upande: mbinu zako sizikubali, ila nina deni kwako. Hajui anaongea na nani. Hiyo ni sifa iliyopatikana kwa mtu mmoja mgumu, na ina uzito kuliko gwaride zima la Spider-Man 3. Across the Spider-Verse ya 2023 inalirudia kwa ukali zaidi upande wa Gwen Stacy, ambaye baba yake kapteni anamwinda Spider-Woman kwa kifo cha Peter Parker bila kujua anamwinda binti yake. Filamu yenyewe inakatika katikati, ujue hilo kabla hujaanza.

Mambo ya nakala sasa, maana hapa Dar ndipo watu wengi wanapopunjwa. Kwanza, Spider-Man 2 ipo ya aina mbili: ya kawaida ya dakika 127 na ile iitwayo 2.1 ya dakika 135. Tafuta ya pili, kwa sababu ndiyo yenye Jameson akilivaa vazi mwenyewe ofisini na kurukaruka juu ya meza; angalia urefu wa faili kabla hujalipia. Pili, filamu hiyo ni pana, inatakiwa kuwa na mistari miwili myeusi juu na chini. Ukibonyeza zoom ili ujaze kioo, pembeni panakatwa, na pembeni ndipo walipo wale abiria wa treni. Tatu, nakala za kutafsiriwa zinafaa kwa Homecoming na No Way Home, ambako mambo yanajieleza kwa picha, ila kwa filamu tatu za Raimi chukua isiyotafsiriwa na uweke maandishi chini: Jameson anaongea haraka mno, sauti ya msimuliaji inamfunika, na kurasa za mbele za gazeti zinapita bila kusomwa na mtu. Simamisha uzisome. No Way Home kuna kopi zilizorekodiwa ndani ya ukumbi wa sinema ambazo bado zinazunguka. Utazijua kwa makelele ya watazamaji pale wanapoingia wale wageni, na usiku wote unakuwa kiza.

Na la mwisho ndilo linaloharibu wengi. Video ya Mysterio na jina la Peter Parker kutajwa hadharani havimo ndani ya Far From Home yenyewe, vimo baada ya majina ya kwanza ya waigizaji kuanza kupita. Vibanda vya kuingiza filamu kwenye flashi hupenda kukata mwisho ili faili liwe dogo, na mteja anakwenda No Way Home akijiuliza watu wamekasirikia nini. Kabla hujaondoka dirishani, mwambie kijana apeleke filamu mbele hadi mwisho. Lazima umwone Jameson kwenye skrini kubwa barabarani na Peter ameshika kichwa juu ya nguzo. Usipomwona, mrudishie flashi akuwekee nyingine.